Isome Plagi, Uijue Injini

Fungueni kitabu chenu ukurasa huu, mfuate kwa macho huku mkisikiliza. Leo tutazungumza juu ya chakula cha injini.

Injini ya petroli hula vitu viwili: petroli na hewa. Ili kilo 1 ya petroli iungue yote, huhitaji kadiri ya kilo 15 za hewa. Katika magari ya zamani na pikipiki nyingi, kifaa kinachochanganya vitu hivi huitwa kabureta. Petroli ikizidi, twasema mchanganyiko ni mzito. Hewa ikizidi, mchanganyiko ni mwepesi. Hali zote mbili ni ugonjwa.

Bila shaka umepata kuwasha taa ya chemni. Ukipandisha utambi mno, moto hutoa moshi na kioo huwa cheusi kwa masizi. Mafuta yamezidi hewa. Ndivyo ilivyo injini yenye mchanganyiko mzito.

Sasa, utaujuaje ugonjwa? Fuata hatua tatu.

Kwanza, tazama moshi. Moshi mweusi wenye harufu ya petroli ni dalili ya mchanganyiko mzito. Moshi wa buluu ni jambo jingine: hiyo ni oili inayoungua.

Pili, sikiliza. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, gari husitasita unapokanyaga mafuta, na mara nyingine hupiga chafya kwenye kabureta. Injini hupata joto jingi, na nguvu hupungua mlimani.

Tatu, soma plagi. Endesha gari maili chache, uzime, ungoje injini ipoe. Fungua plagi zote, uzipange kwa utaratibu wa silinda zake. Tazama ncha zake:

Rangi ya kahawia hafifu: mchanganyiko ni sawa.
Masizi meusi makavu: mchanganyiko ni mzito.
Nyeupe kama chokaa: mchanganyiko ni mwepesi.
Nyeusi yenye utelezi wa oili: tafuta pistoni au ringi zilizochakaa.

Kama plagi moja tu ni nyeusi na nyingine ni njema, usiilaumu kabureta upesi, maana kabureta moja hulisha silinda zote. Chunguza plagi ile, waya wake na silinda yake.

Sasa tutafute sababu. Mchanganyiko ukiwa mzito, anza na chujio la hewa. Vumbi likiliziba, hewa hupungua. Kisha tazama choki: je, imekwama ikiwa imefungwa? Mwisho tazama boya ndani ya kabureta. Boya likitoboka huzama, na petroli hufurika.

Mchanganyiko ukiwa mwepesi, angalia kama taka imeziba tundu dogo la petroli liitwalo jeti. Angalia pia gasketi iliyo chini ya kabureta. Ikipasuka, hewa huingia kwa mlango wa wizi. Kuna jaribio rahisi: injini ikiwa ya moto inanguruma polepole, vuta choki kidogo. Ikichangamka, ilikuwa na njaa ya petroli.

Sikiliza mfano huu. Dereva mmoja wa gari la mboga aliona moshi mweusi, na petroli ikaisha upesi. Hakutafuta sababu. Alitia jeti ndogo zaidi ili kubana petroli. Moshi ukakoma, naye akafurahi. Baada ya muda akanunua chujio jipya, maana lile la kwanza lilikuwa limejaa vumbi. Hewa sasa ikaingia tele, lakini petroli ilikuwa ile ile chache. Siku aliyopanda mlima na mzigo mzito, pistoni ikatoboka kwa joto. Faida ya petroli yote ikaliwa na pistoni. Kumbe ugonjwa ulikuwa katika chujio tangu mwanzo! Usibadili kipimo kabla hujajua sababu.

Jambo jingine ni nchi yenyewe. Hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Gari lenye kabureta iliyorekebishwa Mombasa, likipanda hadi Nairobi, zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari, mchanganyiko wake huwa mzito zaidi. Magari mapya hayana kabureta. Kompyuta yake hupima hewa na kugawa petroli, na taa huwaka mbele ya dereva pakiwa na kasoro. Hata hivyo, plagi husema kweli ile ile.

Sasa onyo, tena likumbukeni sana. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu upesi. Mchanganyiko mzito huizidisha sumu hiyo. Tena, usivute sigara karibu na kabureta iliyo wazi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Plagi nyeusi ni ufa.

Maswali ya darasa:
1. Plagi nyeupe yaonyesha nini?
2. Kwa nini yule dereva alipata hasara?
3. Utaanza kutazama nini ukiona moshi mweusi?

Jibuni kwa kuandika. Kwaherini, hadi somo lijalo.