Mshindani Wako Ndiye Bendi Yako



Jumamosi iliyopita umeme ulikatika mtaani kwetu, na televisheni ikazimika katikati ya mechi ya tenisi. Wapwa zangu wawili, ambao kwa kawaida kila mmoja huwa ameinamia simu yake, wakajikuta wamekaa barazani pamoja nami. Gizani pale wakaanzisha mchezo ulionichekesha. Mmoja anataja mchezaji mkubwa wa tenisi, na mwenzake anatakiwa kumtafutia bendi ya muziki wa roki inayofanana naye. Ukitaja bendi isiyolingana, unazomewa.

"Roger Federer?" akauliza mkubwa.

"Beatles," akajibu mdogo bila kusita.

Sababu yake ilikuwa hii: Federer alipendwa hata na watu wasiojua pointi za tenisi zinahesabiwaje, kama vile Beatles walivyoimbwa hata na watu wasiojua Kiingereza. Tena wote walifanya kazi ngumu ionekane nyepesi.

Rafael Nadal akapewa AC/DC. Nguvu zile zile, mtindo ule ule, mwaka baada ya mwaka, na anayedhani amezoea anapigwa tena. Mhispania huyo alitwaa ubingwa wa Ufaransa mara 14 kwenye uwanja ule ule wa udongo mwekundu. Novak Djokovic naye akapewa Rolling Stones, kwa kuwa wote hao watu walikwisha kuwatangazia mwisho wao mara nyingi, na mwisho haukutokea. Stones walipanda jukwaani mara ya kwanza Julai 1962, jijini London. Mwaka 2023 walitoa albamu mpya, mwimbaji wao Mick Jagger akiwa na miaka 80. Na Djokovic, aliyeanza kutwaa mataji makubwa mwaka 2008, alichukua medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 37.

"Serena Williams?"

"Queen!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Hapo na mimi nikapiga makofi. Msikilizaji utakumbuka kuwa mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa hapa kwetu Unguja mwezi Septemba 1946, jina lake likiwa Farrokh Bulsara. Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid uwanjani Wembley, Queen walipewa kama dakika 20 tu, na dakika hizo zikatosha kuwafunika wakubwa wenzao wote wa siku ile. Serena naye alikuwa hivyo. Akiingia uwanjani, uwanja unakuwa wake.

Basi wakanigeukia mimi. "Mjomba, na Björn Borg wako je? Yeye ni bendi gani?"

Wanajua udhaifu wangu, vijana hawa. Nikafikiri kidogo, kisha nikawaambia kwamba Borg si bendi. Wakanizomea. Ndugu msikilizaji, leo naomba nijitetee mbele yako, maana gizani pale sikupewa nafasi.

Bendi ni watu wengi. Hilo tunalisahau kwa sababu jina lake ni moja. Beatles walikuwa vijana wanne wa Liverpool, na humo ndani John Lennon na Paul McCartney walikuwa wakishindana kila siku. Nyimbo zao waliziandikia majina yao wote wawili, lakini kila mmoja akija studio na wimbo mzuri, mwenzake alikuwa harudi nyumbani kulala mpaka apate wa kuujibu. Walipotengana mwaka 1970, hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyekuwa ametimiza miaka 30. Wote waliendelea kuimba, na wengine waliimba vizuri sana. Lakini kile walichokuwa nacho pamoja hakikupatikana tena. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa, mchezaji wa tenisi yuko peke yake. Hana mpiga gitaa wa kumfunika akikosea, wala mpiga drams wa kumrudisha kwenye mapigo. Je, hicho kidole cha pili anakipata wapi? Mimi nasema anakipata ng'ambo ya wavu. Bendi ya mcheza tenisi ni mshindani wake.

Chukua huyo huyo Borg. Mwaka 1980 Tanzania Bara hatukuwa na televisheni. Fainali ya Wimbledon ya mwaka ule niliisikiliza redioni kwa mawimbi mafupi, sauti ikija na kupotea. Nilikuwa na rafiki yangu mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi. Mimi nilikuwa wa Borg, yule Msweden mpole asiyekunja uso. Yeye alikuwa wa John McEnroe, Mmarekani mwenye nywele za kujiviringa aliyekuwa akigombana na waamuzi. Katika seti ya nne wakafungana gemu 6 kwa 6, ikabidi zichezwe pointi za kuamua seti. Borg alikuwa amekwisha kukosa nafasi mbili za kumaliza mechi, na humo akakosa nyingine tano. McEnroe akaichukua seti ile kwa pointi 18 kwa 16. Rafiki yangu akarusha kofia yake. Katika seti ya tano Borg akashinda gemu 8 kwa 6, zamu ya kurusha kofia ikawa yangu.

Mwaka uliofuata McEnroe alimshinda Borg Wimbledon, akamshinda tena katika fainali ya Marekani. Borg akaondoka uwanjani bila kungoja sherehe ya kukabidhi kombe. Januari 1983 akatangaza kwamba ameacha tenisi. Alikuwa na miaka 26 na mataji makubwa 11. Rafiki yangu akaja kunicheka, na mimi nikanuna wiki nzima.

Lakini tazama kilichotokea baadaye. McEnroe, aliyebaki peke yake kileleni, aliendelea kushinda kwa muda, hasa mwaka 1984. Baada ya hapo hakupata tena taji hata moja kati ya yale makubwa manne, yaani Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Borg naye alijaribu kurudi mwaka 1991, akiwa na raketi yake ya mbao wakati wenzake wote walikwisha kuzitupa za mbao, akafungwa kwa urahisi. Wawili hao walikutana mara 14 katika mashindano yao rasmi. Borg alishinda 7, McEnroe 7. Ni wazi kwamba sabini kwa sabini zingekuwa tamu zaidi. Ndiyo maana nasema Borg peke yake si bendi. Bendi ilikuwa Borg na McEnroe, nayo ilivunjika mapema kama Beatles.

Serena tuliyempa Queen pia hakuanza peke yake. Fainali kubwa ya kwanza kukutana na dada yake Venus, mwaka 2001 Marekani, Venus ndiye aliyeshinda. Kuanzia Ufaransa mwaka 2002 hadi Australia mwaka 2003 walikutana katika fainali nne kubwa mfululizo, na zote nne akachukua Serena. Alijifunza kushinda kwa kumtazama aliyemshinda, na huyo alikuwa akilala naye nyumba moja.

Hao watatu wa zama zetu, Federer, Nadal na Djokovic, wapwa zangu waliwapa bendi tatu. Mimi ningewapa moja. Kwa pamoja walitwaa mataji makubwa 66: Federer 20, Nadal 22, Djokovic 24. Nadal, anayetumia mkono wa kushoto, aligundua kwamba akiuzungusha mpira ukaruka juu upande wa kushoto wa Federer, mwenzake huyo anapata taabu, kwa kuwa pigo la upande huo alilipiga kwa mkono mmoja. Miaka mingi Federer aliteswa na mpira huo. Akabadilisha hadi raketi, akachukua yenye uso mpana zaidi, na mwaka 2017, akiwa na miaka 35, akamshinda Nadal katika fainali ya Australia kwa lile lile pigo lililokuwa aibu yake. Djokovic naye aliwakuta wawili hao wamejifungia kileleni. Mwaka 2011 alimshinda Nadal katika fainali sita, na Nadal akalazimika kujifunza upya. Bila huyu, yule asingekuwa vile.

Nakiri kosa langu hapa. Nilikuwa mpenzi wa Federer, na Nadal alipokuwa akiumia goti nilikuwa nafurahi kimoyomoyo. Nadhani wengi wetu tunayo tabia hiyo. Septemba 2022 ndipo nilipoona haya. Siku Federer alipoaga, jijini London, alichagua kucheza mechi yake ya mwisho wawili wawili, na mwenzake akawa Nadal. Wakafungwa. Kisha wakakaa benchini wameshikana mikono, wote wawili wakilia. Mimi niliyekuwa nikimwombea Nadal mabaya nilijiuliza: kama mwenyewe Federer analia naye, mimi nilikuwa nampigania nani? Na Nadal alipostaafu Novemba 2024, Federer alimwandikia barua ya wazi na kueleza humo kwamba ni yeye Nadal aliyemfanya abadilishe hata ukubwa wa raketi.

Wanamuziki nao wanalijua jambo hili. Mwaka 1963 Lennon na McCartney waliwapa Rolling Stones wimbo wao, Stones wakaurekodi, na hao ndio walikuwa wakitajwa kama mahasimu. Brian Wilson wa Beach Boys, huko Marekani, aliisikia albamu ya Beatles ya mwaka 1965 iitwayo Rubber Soul, akaapa kuipita, akatoa Pet Sounds mwaka 1966. McCartney akaisikia hiyo, na yeye hakutulia mpaka Beatles walipotoa Sgt. Pepper mwaka 1967. Walikuwa wakipigiana mpira juu ya bahari ya Atlantiki. Na wewe msikilizaji uliyekuwa ukienda dansi Dar es Salaam huhitaji kuelezwa sana, maana unajua Msondo ingekuwaje kama Sikinde isingekuwapo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa akina mama wawili, Chris Evert na Martina Navratilova. Walianza kukutana mwaka 1973, wakamaliza mwaka 1988. Katika miaka hiyo 15 walicheza mechi 80, na 60 kati ya hizo zilikuwa fainali. Martina alishinda 43, Chris 37. Mataji makubwa kila mmoja alimaliza na 18, hakuna aliyemzidi mwenzake. Mwanzoni mwa mwaka 2022 Chris alitangaza kuwa ana saratani. Mwaka uliofuata Martina naye akatangaza ya kwake. Wanawake hao, waliotumia ujana wao kutafutana udhaifu, wakawa ndio wanaotiana moyo katika matibabu. Nani angemwelewa mwenzake vizuri zaidi? Aliyekutazama mara 80 ukitaka kushindwa na ukakataa, huyo anakujua.

Tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli, lakini mimi ningeongeza kwamba asiyemtakia uzima mshindani wake naye si mshindani. Mwenye duka anayeomba la jirani lifungwe hajui kwamba siku likifungwa ataanza kulala mchana, na wateja watamhama polepole.

Yule rafiki yangu wa McEnroe alifariki mwaka jana. Kwa miaka zaidi ya 40, kila tulipokutana alianza na yale yale: "Bwana, Borg wako alikimbia." Na mimi nilikuwa na majibu yangu, kila mwaka nikiyanoa zaidi. Juzi nilisoma jambo fulani kuhusu fainali ile ya mwaka 1980 ambalo lingemnyamazisha kabisa. Nikashika simu nimpigie, ndipo nikakumbuka. Nimebaki na hoja nzuri sana, na mtu wa kuipinga hayupo.

Umeme uliporudi, wapwa zangu walikuwa bado wanabishana nani zaidi, Nadal au Djokovic. Mkubwa akasema, "Mjomba, amua basi tulale." Sikuamua. Niliwaambia waendelee.

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, nakutakia usiku mwema.