Chimbuko la Mashababi wa Cabo Delgado na Namna Walivyoenea



Kadhia ya vikundi vinavyomwaga damu kwa jina la dini imetanda toka Afghanistan hata Ziwa Chad, na atakayetaka kuisimulia yote kwa kikao kimoja ataishia kutaja majina tu. Kwa hiyo, kwa idhini yenu, nitashika habari ya jirani zetu wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, ambako Wamwani na Wamakonde wamechanganyika nasi kwa nikaha na kwa tijara tangu zama za mababu.

Walimwengu walizinduka tarehe 5 Oktoba 2017, vijana wenye silaha, hao wanaoitwa Mashababi, walipovishambulia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia. Lakini mwenye kuianza habari hii siku hiyo huwa ameikuta katikati, kwani watafiti waliokwenda kuuliza vijijini wameurudisha mwanzo wake hadi 2007, wilayani Balama, alikotokea kijana aliyerudi kutoka Tanzania na mafundisho mageni, akajenga msikiti wake na kujitenga na wenziwe. Waliomfuata yeye na mfano wake waliingia msikitini na viatu, wakavaa suruali fupi, wengine na visu viunoni. Wakawatoa watoto wao katika skuli za serikali, wakaharamisha mahakama za dola, na wakawaona masheikh wa twarika, waliosomesha pwani ile kwa vizazi, kuwa ni watu waliopotoka. Fitina ya kwanza, basi, ilikuwa baina ya Waislamu kwa Waislamu, ya mtoto na babake juu ya nani aongoze sala, wala haikuwa na Mreno, Mzungu wa gesi, wala Mkristo ndani yake. Wazee wa miji, na Baraza la Kiislamu la Msumbiji pamoja nao, walipeleka mashtaka serikalini kabla risasi haijalia. Serikali mara iliwatia ndani baadhi ya vijana, mara ikayaacha mambo yapite kama magomvi ya misikitini, na mimi naona kuwa hapo ndipo fursa kubwa kuliko zote ilipopotea.

Walieneaje? Jambo hili latugusa sisi wenyewe zaidi ya tunavyopenda kukiri. Mawaidha ya Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa Kenya aliyeuawa kwa risasi Mombasa mwezi wa Agosti 2012, yalisikilizwa Cabo Delgado kwa kanda na kwa simu, tena kwa Kiswahili, ambacho Mmwani hukielewa bila mkalimani. Sauti ya marehemu ikasafiri kuliko alivyosafiri mwenyewe alipokuwa hai. Fauka ya hayo, baada ya mauaji ya Kibiti na Rufiji, nchini Tanzania, na msako uliofuata mwaka 2017, baadhi ya waliotoroka walishuka kusini wakavuka Ruvuma.

Mbegu hiyo iliangukia ardhi yenye uchungu. Rubi zilizogunduliwa Montepuez mwaka 2009 ziliwavuta wachimbaji wadogo kutoka kila upande, na mapema 2017 polisi wakawafukuza kwa nguvu. Gesi iliyopatikana baharini mbele ya Palma mwaka 2010 ilileta ahadi kubwa na kuwahamisha watu wa rasi ya Afungi katika makazi yao. Hayo ni kweli, ila sikubaliani na wasemao kuwa umaskini peke yake ndio uliozaa vita, maana maskini wa Msumbiji ni wengi na walioshika panga ni wachache.

Bendera ya Dola ya Kiislamu, wanayoanza nayo waandishi wa magazeti, ilikuja mwisho. Ni Juni 2019 ndipo kundi hilo la Mashariki ya Kati lilipojitangaza mara ya kwanza kuwa na mkono katika mashambulizi ya huko, miezi ishirini baada ya Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 Mashababi wakavuka Ruvuma wakaua watu Kitaya, mkoani Mtwara. Na Machi 2021 wakaiteka Palma, hata kampuni ya Total ikasimamisha kazi zake.

Wanajeshi wa Rwanda waliingia Julai 2021, wakifuatiwa na wa nchi za kusini mwa Afrika, na Agosti Mocímboa da Praia ikakombolewa. Bonomade Machude Omar, kiongozi wa Mashababi vitani, aliuawa Agosti 2023. Hata hivyo mapema 2024 waliibuka Chiúre, mbali kusini, na makumi ya maelfu ya watu wakabeba tena mikeka yao.

Basi naomba, Ndugu Mwenyekiti, mjadala uanzie kwenye zile kanda za Sheikh Rogo. Masheikh walioko hapa watueleze ni hoja zipi za ndani yake zilizokwisha kujibiwa, kwa Kiswahili na kwa Kimwani, katika chombo anachokishika kijana mkononi. Na zilizobaki, nani atazijibu.