Mtoto anapotanguliza matako: wiki za mwisho za ujauzito

Wasukuma na Wanyamwezi wa Tanzania wana jina maalumu la mtoto aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu: Kashinje, au Kashindye. Jina hilo ni ushahidi kwamba jambo hili ni la tangu kale, na kwamba wapo waliozaliwa hivyo wakaishi. Hata hivyo, uzazi wa namna hiyo una hatari zake, nazo hupungua iwapo mlalo wa mtoto utajulikana kabla ya uchungu kuanza.

Mimba ikiwa changa bado, watoto wengi huwa kichwa juu, kisha hugeuka wenyewe. Ifikapo wiki ya 37 hubaki 3 au 4 tu katika kila 100. Hatari iko wapi? Kichwa kikitoka mwisho, kinaweza kukwama ilhali mwili umekwishatoka. Aidha, chupa ikipasuka, kitovu kinaweza kutangulia na kubanwa, mtoto akakosa oksijeni.

Ndiyo maana mkunga hupapasa tumbo la mama kwenye wiki ya 36, na akishuku jambo, huagiza kipimo cha ultrasaundi. Nchini Uingereza, mama huelezwa njia tatu.

Ya kwanza ni mtoto kugeuzwa kwa mikono juu ya tumbo. Mama huweza kupewa dawa ya kulegeza mfuko wa uzazi, na mapigo ya moyo ya mtoto hupimwa kabla na baada. Njia hii hufaulu kwa takriban nusu ya akina mama, zaidi kwa waliokwisha kuzaa. Takriban mmoja kati ya 200 huhitaji upasuaji wa dharura, na kwa hiyo hufanywa hospitalini tu. Kukandwa tumbo kwa nguvu nyumbani si mbadala wake, kwani kondo la nyuma linaweza kubanduka.

Ya pili ni upasuaji uliopangwa. Mwaka 2000, utafiti ulioongozwa kutoka Canada, uliohusisha wanawake zaidi ya 2,000 katika nchi 26, ulionyesha kuwa upasuaji huo ni salama zaidi kwa mtoto. Hospitali nyingi zikaufuata, na madaktari na wakunga vijana wakapungukiwa na nafasi ya kujifunza kuzalisha watoto hao kwa njia ya kawaida. Lakini mwaka 2004 watafiti hao hao waliripoti kuwa, watoto walipofikia umri wa miaka miwili, hapakuwa na tofauti katika vifo na kuchelewa kukua kiakili.

Kwa hiyo njia ya tatu, kuzaa kwa kawaida, haijafungwa, mradi yupo mzalishaji mzoefu na chumba cha upasuaji kiko karibu. Uamuzi huo ni mzito kwa mama anayetarajia kuzaa tena akiwa nyumbani Afrika Mashariki, mbali na hospitali. Kovu la upasuaji linaweza kupasuka katika uchungu wa mimba ijayo.

Basi mama mjamzito aulize mapema kwenye wiki ya 36: mtoto amelalaje? Na ikiwa ametanguliza matako au miguu, chupa ikapasuka, asisubiri uchungu. Aende hospitali saa ile ile.