Hukumu Kabla ya Ushahidi: Nafsi ya Brutus

Wasomaji wa Kiswahili wamemfahamu Brutus tangu 1963, ilipochapishwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, na wengi humchukulia kuwa mtu mwema aliyeponzwa na wajanja. Makala hii inadai kwamba wajanja walimkuta amekwisha kujiponza. Tamthilia hii ilipochezwa London mwaka 1599, ukumbi wa Globe ukiwa bado mpya kusini mwa mto Thames, watazamaji walionyeshwa mtu anayejidanganya kwa hoja safi. Tuutazame usiku ule wa bustanini. Brutus yuko peke yake, na jambo la kwanza analolitamka ni kwamba Caesar, mtawala wa Rumi, hana budi kufa. Sababu zinafuata nyuma, tena kwa taabu: anakiri kuwa hana kisasi naye, anakiri kuwa hajaona tamaa zikiitawala akili ya Caesar, kisha anamhukumu kwa yale ambayo huenda akayatenda akishavikwa taji. Mara Lucius, mtumishi wake, anamletea barua iliyookotwa dirishani. Ina mapengo, wala haimtaji Caesar. Brutus ndiye anayeyajaza mapengo hayo, na kila anachokijaza kinaelekea kule kule alikokwisha kuamua kwenda. Kwa Plutarch, mwandishi wa kale ambaye Shakespeare alimsoma katika tafsiri ya Thomas North ya 1579, wito wa namna hii ulitoka kwa raia wenyewe. Shakespeare aliugeuza ukawa wa kughushi, kazi ya Cassius, mchochezi wa njama dhidi ya Caesar. Badiliko hilo si dogo, kwani linaondoa umma uliomsukuma Brutus na kumwacha na hamu yake mwenyewe ya kuitwa.

Huenda ikasemwa kwamba tunambebesha mtu wa kale saikolojia ya leo. Lakini Timothy Bright, tabibu wa London, alikwisha kuchapisha kitabu kizima kuhusu ugonjwa wa huzuni mwaka 1586, na tamthilia yenyewe inazitaja dalili waziwazi: Brutus hajalala tangu Cassius alipomchochea, na mkewe Portia analalamika kwamba mumewe hali, hasemi, halali. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la Antony, ambaye mwishoni, ingawa ni adui, anashuhudia kuwa Brutus pekee aliua kwa ajili ya manufaa ya wote. Nalikubali hilo, ila unyofu wa nia hauleti uwezo wa kujiona. Kambini Sardis, baada ya mauaji ya Caesar, Brutus anamkaripia Cassius kwa kula rushwa, na papo hapo anamlaumu kwa kutompa dhahabu ya kuwalipa askari, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kuwanyang'anya wakulima vijisenti vyao. Mnafiki angeuficha mgongano huo. Brutus anautamka kwa sauti, hauoni! Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya 1969, anateswa na shaka juu ya neno lililotoka kinywani mwake, kwa sababu anajua watu wataliendea vitani. Brutus hana shaka ya aina hiyo. Hata mzuka wa Caesar haumfanyi aulize kama mauaji yale yalikuwa ya haki. Anakufa akifurahi kwamba maisha yake yote hakukutana na mtu asiyekuwa mkweli kwake, na Cassius, aliyezighushi zile barua, amekwisha kutangulia bila kumwambia.