Tuchange Mara Sita, Si Mara Moja

(Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vya Kitale na Bungoma)

Tumewaita kwa sababu mwenzetu wa kikundi kimoja amepatikana na kansa ya ovari. Yeye mwenyewe ametuambia tutaje ugonjwa, tusitaje jina. Basi hapo tuelewane kwanza: kabla kikundi hakijatangaza mchango kanisani au kwa baraza la chifu, mgonjwa aulizwe. Tumbo ni lake.

Ovari ni vile vifuko viwili vya mayai ya uzazi, kimoja kila upande wa kizazi. Kansa yake hujificha. Mara nyingi huanza kwa mambo tuliyoyazoea: tumbo kujaa, kushiba baada ya matonge mawili ya ugali, maumivu chini ya kitovu, kwenda haja ndogo kila mara. Mama anasema ni vidonda vya tumbo, ananunua dawa dukani. Jirani anasema ni mimba ya uzeeni. Na mwingine, mnawajua, anasema amerogwa. Hakuna aliyemroga. Dalili hizo zikiwa mpya, na zikirudi karibu kila siku kwa wiki mbili tatu, aende hospitali, aulize juu ya picha ya tumbo ya altrasaundi. Aliyepita miaka 50, au ambaye mama yake ama dada yake aliugua kansa ya ovari au ya matiti, asingoje kabisa.

Kila tukizungumza habari hii tunaulizwa, "Mimi nilipimwa mlango wa kizazi, si niko salama?" Hapana. Kipimo kile ni cha kansa nyingine. Hata chanjo ya wasichana iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019 ni ya mlango wa kizazi. Ni nzuri, wapelekeni, lakini hailindi ovari. Kwa ovari bado hakuna kipimo kinachofaa kupima wanawake wote wasio na dalili. Ndiyo maana mwenzako wa kikundi ni wa maana: yeye ndiye anakusikia ukilalamika tumbo mkutano wa kwanza, wa pili, na wa tatu.

Mnamkumbuka Profesa Wangari Maathai, aliyeanza mwaka 1977 kupanda miti na vikundi vya akina mama kama nyinyi. Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011, kwa kansa hii hii. Kwa hiyo mtu asiseme ni ugonjwa wa aibu.

Sasa pesa. Sisi watu wa huku kuchangia matanga twajua. Hema, ng'ombe, gari la kuleta mwili, vyote hupatikana kwa siku tatu. Hatulaumu, wafu wana heshima yao. Lakini mgonjwa wa kansa hahitaji pesa za siku moja. Matibabu kwa kawaida ni upasuaji pamoja na dawa ya kemo, mara nyingi raundi sita, moja kila baada ya wiki tatu. Wengi wetu hutumwa hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Kutoka Kitale ni kama kilomita 70, na wa Bungoma wako mbali zaidi. Kila raundi ina nauli ya watu wawili, maana hawezi kurudi peke yake akitapika. Ina kupimwa damu, na damu ikiwa chini anaambiwa arudi siku nyingine: nauli imeliwa bure. Harambee kubwa ikishaisha, raundi ya kwanza na ya pili zinapita vizuri, kisha ya nne inakosa mtu. Na ugonjwa haungoji nauli.

Nyinyi tayari mna meri-go-raundi. Itumieni hiyo. Wanachama 30 wakitoa shilingi 200 kila baada ya wiki tatu, ni 6,000 kila raundi, na kwa raundi sita ni 36,000. Daftari liwe lake peke yake, lisichanganywe na pesa za kuku, na watu wawili watie sahihi.

Kabla ya hayo yote, angalieni bima. NHIF iliondoka Oktoba 2024, sasa ni SHA. Kujiandikisha tu, ile ya *147#, haitoshi. Asiye na mshahara hulipa kulingana na mapato yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hudaiwa mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600 kwenda juu. Hilo ndilo deni la kwanza kikundi kumlipia, kabla ya sukari na sabuni. Na kwa vile bima ina kiwango chake kwa mwaka, mwulizeni karani mapema kimebaki kiasi gani.

Mwenzetu ameshapata raundi ya kwanza. Ya pili ni Jumatano ijayo, na bado hajapata mtu wa kumsindikiza. Nani ana nafasi siku hiyo?