Mwalimu na Mwanafunzi Wake Mkimya
Neno la wanakwaya siku ya Jubilei



Tumepewa dakika chache tuwashukuru walimu wa kwaya yetu. Nyimbo mmezisikia, na vikombe mnaviona mezani. Sisi tumeona heri tuseme juu ya jambo lisilowekwa kabatini: upendo kati ya mwalimu wetu wa kwanza na mwanafunzi wake mmoja mkimya.

Kijana huyo alikuja Kamere na mama yake, mchumaji wa maua, kama wengi wetu tulivyokuja kutoka pembe zote za Kenya kutafuta kazi kando ya Ziwa Naivasha. Kwenye mazoezi alikaa benchi la nyuma. Mwalimu hakumlazimisha. Alimpa kazi ya kunakili solfa ubaoni, na wakati wa sauti ya nne akawa anasimama karibu naye, anaimba polepole. Baada ya miezi kadhaa, besi yetu ilikuwa imepata nguzo.

Januari 2008, machafuko ya baada ya uchaguzi yalipofika Naivasha, familia yake ilikuwa miongoni mwa zilizohama. Mwalimu hakuwa wa kabila lao. Hata hivyo aliitafuta namba yao hadi akaipata, na kila Jumapili baada ya ibada akapiga simu. Mazungumzo yalikuwa mafupi: "Umekula? Unaimba?" Na jibu: "Ndiyo, Mwalimu." Miaka ikapita hivyo. Mwalimu alipolazwa, aliyesafiri usiku kucha kuja kuketi kando ya kitanda chake ni kijana yule. Wauguzi walituambia hawakumsikia akisema neno, ila jioni alimwimbia mwalimu sauti ya nne peke yake.

Wapendwa, nchi yetu inamjua pia Hilde Back, mwalimu wa watoto wadogo kule Uswidi. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1922, katika familia ya Kiyahudi. Akiwa msichana alikimbilia Uswidi. Wazazi wake waliuawa na utawala wa Hitler. Baadaye, kwa pesa kidogo kila mwezi, alimsomesha mtoto wa Kiambu ambaye wakati huo hakuwa amemwona, Chris Mburu. Mburu akawa wakili wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa, akaanzisha mfuko wa kusomesha watoto maskini, akaupa jina la mwalimu huyo. Habari zao zilitolewa katika filamu mwaka 2010. Mama aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya kabila lake alimfungulia mlango mtoto wa mbali. Mwalimu wetu naye, palipokuwa na watu wa kuhesabu makabila, alihesabu wanafunzi wake.

Kwa hiyo Jubilei hii tunaomba jambo moja. Mlangoni pana daftari. Andikeni jina na namba ya kila mwanakwaya aliyehama Kamere, iwe kwa hofu, kwa kazi kuisha, au kwa ndoa. Tumegawana zamu: kila Jumapili mmoja wetu atapiga simu. Wasio na maneno mengi tutawaanza wao.