Mavuno ya Mara Moja, Matumizi ya Kila Mwezi
Hapa Eldoret, ambako mkulima wa mahindi huvuna mara moja tu kwa mwaka, aghalabu baina ya Oktoba na Desemba, ilhali karo na madeni ya dukani hayana msimu, lahajedwali la kompyuta lamfaa yeye, kwa rai yangu, kuliko hata mwenye mshahara. Katika mapato ya mavuno, na aondoe kwanza fedha za mbegu na mbolea. Baki aiandike katika kisanduku B1, kisha katika B2 aandike alama ya sawasawa, B1, mkwaju, 12, apate papo hapo kadiri ya mwezi mmoja. Ada za M-PESA, ambazo wengi huzidharau, azitengee safu yake, nayo jumla, ikiandikwa kwa fomula, kila tarakimu ibadilikapo, itajirekebisha yenyewe.